Mwaka ulio kwenye lebo: namna ya kuonja mvinyo mwekundu wa Ufaransa wa mavuno mbalimbali

Mezani kulikuwa na glasi nne mbele ya kila mtu, na katikati chupa nne zilizovishwa soksi. Soksi hasa, za kuvaa miguuni, nyeusi, zimevutwa hadi shingoni mwa chupa ili lebo isionekane. Aliyetuita alikuwa mpishi wa mgahawa niliokuwa nikihudumu mjini Brussels, siku ya Jumatatu ambayo hatufungui. Alitueleza jambo moja tu: chupa zote nne zimetoka shamba moja la Saint-Julien, kule Bordeaux, na waliotengeneza ni walewale. Kilichobadilika ni mwaka. Onjeni, akasema, pangeni kuanzia mnaoupenda zaidi, halafu tutavua soksi.

Glasi ya kwanza ilinishika mara moja. Laini, ya joto, inanukia matunda meusi yaliyoiva mpaka yanataka kupasuka. Ya pili ilinikaza fizi kana kwamba nimetafuna ndizi mbichi na ganda lake. Ya tatu ilikuwa ya kawaida, haina kelele, inanyweka. Ya nne ilikuwa nyepesi na ilinukia, naapa, pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Nikapanga: ya kwanza, ya tatu, ya pili, ya nne. Soksi zikavuliwa: 2009, 2010, 2011, 2013. Mpishi akacheka. Ule wa 2010 nilioutupa nafasi ya tatu ndio waonjaji wengi huuweka juu kuliko yote minne, na ndio ungeuzwa ghali.

Ulimi wangu haukunidanganya. Kosa langu lilikuwa kwamba nilijibu swali moja, "upi mtamu sasa hivi," wakati mezani palikuwa na maswali manne yaliyofungwa pamoja: hali ya hewa ya mwaka ule ilikuwaje, shamba liko wapi, mtengenezaji alifanya nini, na mvinyo umefika umri gani. Kuonja mavuno mbalimbali ni kuyafungua maswali hayo moja moja. Wengi hukwama kwa sababu namba iliyo kwenye lebo inaonekana kama umri, na tumezoea kusikia kwamba mvinyo ukizeeka ndio unanoga. Lakini namba ile kwanza ni taarifa ya hali ya hewa, umri unakuja baadaye.

Tuanze na namba yenyewe. Mwaka unaoandikwa ni ule ambao zabibu zilivunwa, si ule ambao mvinyo ulitiwa chupani. Mvinyo mzuri wa Bordeaux hukaa kwenye mapipa ya mwaloni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, kwa hiyo uliovunwa 2010 ulikuwa bado haujaiona chupa 2011. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 85 ya kilichomo kiwe cha mwaka ulioandikwa.

Kwa nini mwaka uwe habari kubwa kiasi hiki? Mtu aliyeona mizabibu ya Dodoma anaweza kushangaa. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anaupogoa, unaamka, na kwa kawaida anavuna mara mbili kwa mwaka. Msimu ukiharibika, mwingine uko njiani. Bordeaux mzabibu hulala wakati wa baridi, huchipua karibu na Aprili, huchanua maua Juni, zabibu hugeuka rangi kuanzia mwishoni mwa Julai, na huvunwa Septemba au Oktoba. Mara moja tu. Kila hatua ina adui wake, na kila adui huacha alama inayofika mdomoni.

Adui wa kwanza ni jalidi ya majira ya kuchipua. Machipukizi yakishatoka, usiku mmoja wa nyuzi chini ya sifuri unatosha kuyaunguza. Mwishoni mwa Aprili 2017 iliwakuta hivyo Bordeaux, na Aprili 2021 ikapita karibu Ufaransa nzima; wakulima waliwasha mishumaa mikubwa kati ya safu, usiku kucha, kuokoa kilichookoleka. Jalidi hupunguza wingi, haiharibu lazima ubora. Mavuno ya 1945 na 1961 yalikatwa sana na matatizo ya majira ya kuchipua, zabibu zikabaki chache, na kiangazi kilipokuwa kizuri zile chache zikapata kila kitu. Hadi leo miaka hiyo miwili hutajwa kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomtaja marehemu aliyekuwa mwema.

Kisha maua. Mvua na baridi vikija Juni, maua hayashiki, na kichala kinabaki na mapengo au punje ndogondogo za kijani zisizoiva pamoja na wenzake. Hapo ndipo 2013 ilipoanza kuharibika: majira ya kuchipua ya baridi na mvua, maua yakalowa, ukaaji wa matunda ukawa mbovu, na karibu na mavuno unyevu ukaleta kuoza. Wengi walilazimika kuvuna kabla zabibu hazijatosheka. Ile pilipili hoho niliyoinusa kwenye glasi ya nne haikuwa ndoto yangu: zabibu ya Cabernet Sauvignon isiyoiva sawasawa hubaki na kemikali ileile inayoipa hoho harufu yake. Jua huiondoa, na 2013 jua halikutosha.

Kiangazi ndicho kinachopanga sukari. Jua jingi, sukari nyingi. Na kwa kuwa hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, mwaka wa joto hutoa mvinyo mkali zaidi. Lakini joto likizidi mzabibu hufunga kazi, punje huanza kukauka kama zabibu kavu, na uchachu huporomoka. Mwaka 2003, kwenye lile joto la Agosti lililoua maelfu ya watu Ulaya, Burgundy, eneo jingine la mvinyo mashariki mwa Ufaransa, walianza kuvuna kabla Agosti haijaisha, jambo ambalo wazee wa huko hawakulizoea. Mivinyo mingi ya mwaka ule ilitoka mizito, ina ladha ya jamu, na iliyodhaniwa itaishi miaka thelathini ikachoka mapema. Si yote, lakini mingi.

Mwisho ni Septemba, mwezi wa kamari. Zabibu zimekaribia, mkulima anatazama mawingu. Avune leo akiwa na zabibu nzuri kiasi, au asubiri wiki moja apate bora zaidi, au apate mvua? Mvua kubwa kabla ya kuvuna hulijaza tunda maji, kama mtu aliyeongeza kikombe cha maji kwenye mchuzi uliokwisha kuiva.

Tofauti kati ya 2009 na 2010 inaeleweka vizuri zaidi ukishajua haya. 2009 ilikuwa na jua la ukarimu, zabibu zikaiva kwa raha, mvinyo ukawa mnene na mlaini tangu utotoni. 2010 ilikuwa kavu, lakini usiku ulikuwa na ubaridi; zabibu zikawa na sukari nyingi, na papo hapo uchachu na ukakasi mwingi. Kila kitu kimeongezwa sauti. Mvinyo wa namna hiyo ukiwa mdogo ni mgomvi. Ndiyo maana ulinikaza fizi, na ndiyo maana ulithaminiwa: ulikuwa na akiba.

Sasa tuje kwenye mtego ambao majedwali ya miaka huwanasa watu. Majedwali hayo hutoa alama kwa mwaka mzima kana kwamba Ufaransa ni shamba moja. Chukua 2002. Burgundy ilikuwa mwaka mzuri. Bordeaux wa wastani. Kusini mwa bonde la Rhône, karibu na Châteauneuf-du-Pape, mvua za Septemba zilileta mafuriko, mashamba yakasimama kwenye maji, na mavuno mengi hayakufaa kuwekewa jina la shamba. Mwaka mmoja, nchi moja, hatima tatu.

Hata ndani ya Bordeaux peke yake mambo hayalingani. Mito ya Garonne na Dordogne inakutana na kutengeneza mlango wa Gironde, na watu wa huko hugawa kila kitu kwa ukingo wa kushoto na wa kulia. Kushoto, kwenye Médoc yenye vijiji vya Pauillac, Margaux, Saint-Estèphe na Saint-Julien, ardhi ni changarawe inayopitisha maji na kutunza joto, na bwana mkubwa ni Cabernet Sauvignon, zabibu ya ganda nene inayochelewa kuiva. Kulia, Saint-Émilion na Pomerol, kuna mfinyanzi na chokaa, na anayetawala ni Merlot, anayeiva mapema zaidi. Mvua ikija Oktoba, Merlot wa kulia tayari yuko ndani ya tangi, na Cabernet wa kushoto bado yuko nje analowa. Ndivyo ilivyokuwa 1964: ukingo wa kulia ulifanikiwa sana, na kwenye Médoc mvua kubwa ya Oktoba iliwatenganisha waliokwisha kuvuna na waliokuwa bado wanasubiri. Shamba la Latour, kule Pauillac, walikuwa wamemaliza, na mvinyo wao wa mwaka ule bado unasifiwa. 1998 nayo iliupendelea zaidi ukingo wa kulia. 1996 ikaupendelea wa kushoto. Mtu akikuambia "1996 ni mwaka mzuri," una haki ya kumuuliza: wapi?

Ndiyo sababu kuna njia mbili za kuonja. Ya kwanza ni ya wima: shamba moja, miaka mbalimbali, kama usiku ule wa soksi. Shamba na mkono havibadiliki, kwa hiyo kinachobadilika ni hali ya hewa na umri. Ya pili ni ya ulalo: mwaka mmoja, mashamba mbalimbali. Hapo hali ya hewa haibadiliki sana, na unasikia ardhi na mkono wa mtu. Anayeonja kwa kuchanganya, 2005 ya Pauillac pembeni ya 2015 ya Burgundy, anajiburudisha, na hakuna ubaya. Ila asidai amejifunza lolote kuhusu miaka. Burgundy nyekundu hutengenezwa kwa Pinot Noir, yenye ganda jembamba, mvinyo wake ni mwepesi wa rangi hata katika mwaka wa jua kali. Kuulinganisha na Cabernet ni kulinganisha sauti ya zumari na ya ngoma.

Glasi iko mbele yako, basi. Mimina kidogo, isizidi theluthi, kwa sababu nafasi inayobaki ndiyo nyumba ya harufu. Ilaze juu ya karatasi nyeupe utazame ukingo wa mvinyo. Ukiwa mdogo ukingo una zambarau. Ukikua unaelekea wekundu wa matofali, na ukizeeka hasa unakuwa na kahawia. Ukiona kahawia kwenye mvinyo wa miaka mitatu, kuna kitu. Ukiona zambarau bado kwenye mvinyo wa miaka kumi, uwe na subira nao.

Nusa bila kuutikisa, kisha utikise, unuse tena. Hapa watu wengi huogopa, kwa sababu wamesoma maelezo ya wataalamu wanaotaja matunda ambayo hawajawahi kuyaona. Huna haja ya kunusa matunda ya watu. Mimi nilipoacha kutafuta "blackcurrant" na kuanza kusema zambarau, plamu, ngozi ya viatu vipya, tumbaku isiyowashwa, karafuu, udongo uliopata mvua ya kwanza, ndipo nilipoanza kukumbuka nilichoonja. Cha msingi ni kujua kundi: matunda mabichi, matunda yaliyoiva, au matunda yaliyopikwa? Hilo peke yake hukuambia habari nyingi za kiangazi. Mabichi yenye harufu ya majani na hoho ni mwaka wa ubaridi. Yaliyopikwa na moto wa kilevi unaopanda puani ni mwaka wa joto. Karafuu na vanila huwa vimetoka kwenye pipa, si kwenye mwaka. Huo ni mkono wa mtu.

Halafu mdomo, na hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo panapochanganya kuliko pote. Kuna vitu viwili ambavyo wanaoanza huvitaja kwa jina moja, "ukali": uchachu na ukakasi. Havifanani hata kidogo. Njia rahisi ya kuvitenganisha haihitaji mvinyo. Chemsha chai ya rangi, mimina kikombe kimoja baada ya dakika tatu, kingine kiache kwenye birika dakika ishirini. Usitie sukari. Onja cha pili: ulimi unakauka, fizi zinajikunja, mashavu yanagandana na meno. Huo ndio ukakasi, na unaoleta ni tanini, zilezile zilizo kwenye ganda, mbegu na vijiti vya zabibu. Sasa kamulia ndimu kwenye kikombe cha kwanza. Mate yanakuja yenyewe, na ukizidisha meno yanakufa ganzi kama umekula embe bichi. Huo ni uchachu. Mmoja unakausha mdomo, mwingine unauloanisha.

Mwishowe tia maziwa kwenye kile kikombe kikali. Ukakasi unapungua, kwa kuwa protini za maziwa zimezishika tanini kabla hazijashika mate yako. Ndiyo siri ya Wafaransa kunywa Pauillac changa na nyama ya kondoo au na jibini: hawafuati adabu tu, wanaulainisha.

Ukiweza kuvitenga viwili hivyo, mavuno yanaanza kusomeka. Mwaka wa ubaridi: uchachu uko juu, na tanini zina ukali wa kijani, zinakwaruza. Mwaka wa joto kupita kiasi: uchachu umelala, tanini ni pana, kilevi kinawaka kooni. Mwaka mkubwa: vyote vipo, tanini nyingi lakini zina unga laini, uchachu wa kutosha kuzibeba, na ladha inabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Au baada ya kutema. Wanaoifanya kazi hii huonja mivinyo mingi kwa siku moja na hutema yote kwenye ndoo. Nilipomweleza mama yangu, aliuliza kama watu hao wana akili timamu, kununua kitu kwa fedha nyingi kisha kukitema.

Hesabu sekunde ladha inazobaki. Hicho kipimo ndicho ninachokiamini zaidi, kwa kuwa ni vigumu kukidanganya. Sukari kidogo iliyobaki na pipa jipya vinaweza kuupamba mvinyo mbele. Nyuma haviwezi kitu.

Umri sasa. Chupani tanini huungana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zinazama chini kama mashapo, na mdomoni mvinyo unalainika. Rangi inapungua. Harufu za matunda zinasogea nyuma, zinakuja za ngozi, majani makavu, uyoga, tumbaku. Kwa hiyo 2010 ya miaka minane na 2010 ya miaka ishirini na mitano ni kama mtu yuleyule kabla na baada ya kuoa. Lakini umri hauongezi kitu kisichokuwepo. Mvinyo uliozaliwa bila tanini, bila uchachu, bila kiini cha tunda, unazeeka kama maua ya kwenye chombo. Mwingi wa mvinyo mwekundu unaouzwa duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na anayeuweka kabatini miaka kumi na tano anajiandalia siki.

Hapa ndipo miaka iitwayo dhaifu inapopata heshima yake. 2011 au 2013 ya nyumba nzuri haina safari ndefu, lakini ilikuwa tayari mapema, na bei yake haikuwa ya kichaa. Mgahawa wenye busara hununua miaka hiyo ili wateja wawe na kitu cha kunywa huku 2010 ikiendelea kusinzia. Swali la haki kwa kila chupa ni "je, imefika?" kabla ya "je, ni nzuri?" Mimi kwenye zile glasi nne nilichanganya mawili hayo.

Bado kuna hatari ya lebo. Usiku mmoja nilimhudumia mgeni chupa kongwe ya Médoc. Niliifungua, ikatoa harufu ya ajabu kidogo, na mimi nikiwa nimesoma jina kubwa na mwaka mkubwa nikaieleza meza nzima kwa maneno matamu: harufu ya msitu, ya udongo, tabia ya mvinyo uliokomaa. Wote wakatikisa vichwa. Bibi mmoja aliyechelewa, ambaye hakuiona lebo, akanusa na kusema inanuka kama gunia lililolowa likaachwa stoo. Alikuwa sahihi. Ilikuwa chupa iliyoharibiwa na kizibo, kwa kemikali iitwayo TCA, na haina uhusiano wowote na mwaka wala udongo. Ukikutana na harufu ya kadibodi mbichi, usiitafutie ushairi. Rudisha chupa.

Nilijipa moyo baadaye niliposoma kwamba waliosomea kazi hii wameanguka vibaya zaidi. Katika utafiti uliochapishwa 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo pale Bordeaux glasi ya mvinyo mweupe na nyingine ya mweupe uleule uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ule uliopakwa rangi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshajibu kabla pua haijaulizwa. Na Mei 1976 mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaketisha waonjaji Wafaransa mbele ya glasi zisizo na majina. Mvinyo mwekundu ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Stag's Leap wa California wa 1973, mbele ya Mouton Rothschild na Haut-Brion, majina makubwa ya Bordeaux, wote wa 1970. Ndiyo maana ya soksi.

Alama za wataalamu nazo zina historia inayofaa kujulikana. Mmarekani Robert Parker alijijengea jina kwa kuisifu 1982 ya Bordeaux ikiwa bado changa, wakati wengine waliona ni laini mno kuweza kudumu. Muda ulimpa haki, na kipimo chake cha alama 100 kikawa kinapanga bei. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mchumi wa Princeton, Orley Ashenfelter, akaja na dai lililowaudhi wengi: huhitaji kuonja kabisa ili kuukadiria mwaka. Chukua mvua ya kipindi cha baridi kilichotangulia, wastani wa joto la msimu wa kukua, na mvua ya Agosti na Septemba, uziweke kwenye fomula. Inakaribia sana bei ambazo mivinyo ya Bordeaux ilifikia mnadani baada ya miaka mingi. Waonjaji walikasirika. Mimi naona fomula hiyo ina ukweli mkubwa kuhusu mwaka kwa ujumla na ni bubu kuhusu chupa. Haikuweza kukwambia nani alimaliza kuvuna kabla ya mvua ya Oktoba 1964.

Na kuna jambo linaloyavuruga majedwali yote. Mji wa Beaune, Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za kuvuna kuanzia 1354. Watafiti walipoziunganisha hadi 2018, waliona kwamba mpaka 1987 mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba, na kuanzia 1988 yamesogea mbele kwa siku 13. Joto ambalo zamani lilikuwa la nadra sasa ni la kawaida. Mwaka dhaifu wa zamani ulikuwa mwaka usioiva. Tatizo la leo mara nyingi ni kuiva kupita kiasi. Mwaka 2021 Bordeaux iliruhusiwa kujaribu aina mpya za zabibu nyekundu, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno, kujiandaa na joto. Lakini 2022, pamoja na ukame na moto uliounguza misitu ya Gironde, mivinyo mingi ilitoka na uhai kuliko ile ya 2003. Mizabibu ilikuwa imezoea, na wakulima walikuwa wamejifunza kuacha majani yazifunike zabibu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, huna haja ya majina makubwa. Tafuta chupa mbili au tatu za mtengenezaji mmoja, za miaka inayofuatana, na watu sita mgawane gharama. Kuhusu mpangilio watu hubishana: wengine huanza na changa, wengine na kongwe. Mimi huanza na kongwe, kwa sababu tanini za ule mchanga zikishaushika ulimi, mzee hasikiki tena. Mwandike kila mtu peke yake kabla ya kuongea. Mtu mmoja mwenye sauti nene anaweza kuibadilisha ladha ya meza nzima.

Na kwa sisi tunaonunua Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mwaka mzuri ni nusu tu ya habari. Wafaransa wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, wanamaanisha chumba cha mawe chenye nyuzi 16 hadi 18, si sebule yetu yenye 30. Tia chupa kwenye friji nusu saa kabla. Kabla hujailipia, itazame: kizibo kimejisukuma juu kidogo chini ya kifuniko cha bati? Kuna mchirizi unaonata shingoni? Hiyo ilikaa kwenye kontena juani au kwenye rafu isiyo na kiyoyozi, ikachemka na kuvimba. Inaweza kuwa 2010 ya Saint-Julien, na bado utaonja plamu zilizopikwa na siki. Muulize mwenye duka chupa zake hufika lini na huzihifadhi wapi, na akikuonyesha dirisha la mbele linalopigwa na jua la mchana, nunua soda.